Kiasi cha baruti: historia ya bunduki ya kushindilia kutoka pwani mpaka bonde la Semliki

KAMANGO, BENI – Huku Watalinga, kati ya mto Semliki na mlima Rwenzori, mlio wa bunduki si habari mpya. Mtoto wa miaka mitano anajua kulala chini kabla hajajua kusoma. Lakini wazee wanajua pia bunduki nyingine, ile iliyokaa nyuma ya mlango wa mwindaji. Mwenyewe aliishindilia kwa mkono: baruti kwanza, kisha kitambaa au nyuzi za majani, kisha risasi, na mwisho fataki. Ilipiga mara moja tu, halafu kazi ikaanza upya.

Historia ya bunduki ile ni historia ya nani alishika baruti, nani aliihesabu, na nani alilipa hesabu ilipokosekana. Familia zilizoikimbia milio ya masasi zina haki ya kujua ilianza namna gani.

Maneno yanayotunza historia

Kiswahili chenyewe kimehifadhi safari ya silaha hizi. Bunduki ya kwanza kujulikana pwani iliitwa bunduki ya mrao, kwa sababu iliwashwa kwa utambi uliokuwa ukiungua polepole. Ikafuata bunduki ya gumegume. Gumegume ni lile jiwe gumu linalotoa cheche likigongana na chuma. Baadaye ikaja bunduki ya fataki, yenye kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa na nyundo. Kijiti cha kushindilia kiliitwa mdeki. Risasi ni jina la madini yenyewe, ile metali laini na nzito iliyoyeyushwa motoni na kumiminwa katika kalibu. Punje ndogo za kuwindia ndege ziliitwa marisau.

Neno moja linastahili kuangaliwa zaidi. Watu wa pwani, walipotaka kusema baruti na risasi ya kutosha mlio mmoja, walisema "kiasi". Kiasi cha bunduki kilikuwa kipimo kilichotayarishwa mapema, mara nyingi ndani ya karatasi iliyosokotwa. Hata zilipofika risasi za viwandani zenye ganda la shaba, wengi waliendelea kuziita hivyo hivyo. Jina lenyewe linafundisha kwamba siri ya bunduki ilikuwa katika kupima.

Kwa nini mwindaji alisogea karibu

Wasafiri wengi wa karne ya 19 waliandika kwamba watu wa bara hawakujua kulenga shabaha. Maneno hayo yana dharau, tena hayasemi ukweli wote. Shida kubwa ilikuwa katika silaha waliyouziwa.

Bunduki za biashara zilikuwa na mtutu laini ndani, usio na mifuo ya kuizungusha risasi. Ili ishindiliwe upesi, risasi ilifanywa nyembamba kuliko mtutu. Baruti ilipowaka, risasi ilitoka ikigonga huku na huku, na pigo la mwisho ndani ya mtutu ndilo lililoamua itaelekea wapi. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu cha kueleza mambo haya kwa hesabu. Alionyesha kwamba risasi ya duara inayotoka katika mtutu laini huzunguka ovyo na kupinda angani. Kwa silaha ya namna hiyo, kupiga mtu au mnyama aliye zaidi ya mita 100 kulikuwa bahati.

Mwindaji wa msituni aligundua jambo hilo bila kitabu. Hakutafuta kupiga mbali, alinyata mpaka karibu. Kwa umbali mfupi hakuhitaji baruti nyingi, alihitaji kiasi kilekile kila mara. Pembe ya kupimia baruti ilikuwa mali ya kutunzwa, maana aliyepima leo hivi na kesho vile hakujua risasi yake itaanguka wapi. Aliyezidisha kiasi kwa kutaka mshindo mkubwa alipata teke begani na moshi machoni, na siku mbaya mtutu ulipasuka akapoteza vidole au macho. Bunduki nyingi za biashara zilitengenezwa kwa chuma hafifu, na ajali za namna hiyo zilijulikana toka pwani mpaka maziwa makuu.

Tatizo la pili lilikuwa baruti yenyewe. Baruti nyeusi hunyonya unyevu. Katika bonde la Semliki, ambako mvua hainyamazi na ukungu wa Rwenzori unashuka asubuhi, baruti isiyofunikwa vizuri ilikuwa tope jeusi. Tatizo la tatu lilikuwa risasi. Penye upungufu wa madini hayo, watu walishindilia vipande vya chuma na hata vijiwe. Kule Katanga, kwenye shaba nyingi, watu wa mfalme Msiri walitumia shaba. Vitu hivyo haviendi sawa hewani, kwa hiyo shabaha ilizidi kupungua.

Kulikuwa na mafundi pia. Afisa Mwingereza Lugard, aliyekuwa Buganda miaka ya 1890 mpaka 1892, aliandika juu ya fundi Kisule, aliyejifunza uhunzi kwa mmisionari Alexander Mackay. Kisule aliweza kutengeneza springi mpya ya bunduki na kurekebisha silaha iliyoharibika, kazi safi iliyomshangaza mgeni. Mikono ya watu wetu haikushindwa na kazi ya chuma. Baruti na fataki ndizo zilizotoka mbali, na aliyezileta ndiye aliyepanga bei.

Mzigo uliotoka Zanzibar

Bandari kubwa ya biashara hiyo ilikuwa Zanzibar. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa silaha kuukuu ambazo majeshi ya Ulaya yalizitupa baada ya kupata mpya. Huku ndani zilibadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu.

Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa Zanzibar aliyetawala sehemu kubwa ya Manyema, alisimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba jina lake lilitokana na mlio wa bunduki za watu wake. Silaha hizo ziliwafungulia Waungwana na Wamanyema njia mpaka ndani ya msitu wa Ituri. Kiswahili kilikuja na misafara hiyohiyo. Lugha tunayoisemea leo sokoni Kamango, Oicha na Butembo ilipita njia moja na baruti.

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipita njia ya mto Kongo kwenda kumsaidia Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria aliyekwama kaskazini ya ziwa Albert. Orodha ya mizigo aliyoagiza kutoka Misri ilikuwa na bunduki 510 za Remington, masasi yake 100,000, tani 2 za baruti na fataki 350,000. Fataki ni kitu kidogo kuliko punje ya hindi, lakini bila hiyo bunduki ni fimbo tu, ndiyo maana zilibebwa kwa malaki.

Baruti ndiyo iliyovunja urafiki pia. Stanley na Tippu Tip walipatana Zanzibar, Februari 1887, kwamba Tippu Tip atatoa wapagazi 600. Baadaye Tippu Tip alilalamika kwamba baruti aliyoahidiwa kwa ajili ya watu hao haikutolewa. Wapagazi wakachelewa zaidi ya mwaka, na kundi lililoachwa Yambuya likafa kwa njaa na magonjwa likisubiri.

Ipoto: njaa ilipouza bunduki

Kisa cha Ipoto, katika msitu wa Ituri, kingefaa kufundishwa katika shule zetu. Oktoba 1887 kundi la mbele la Stanley lilifika hapo likiwa mifupa mitupu. Ipoto ilikuwa kituo cha Wamanyema wa Kilonga-Longa, na mashamba yake yalikuwa na mahindi. Wenyeji wa vijiji vya pembeni walikuwa wamekwisha kufukuzwa au kuuawa ili mashamba hayo yapatikane.

Wazanzibari wa Stanley walikuwa na bunduki za kisasa mikononi na hawakuwa na chakula. Basi wakauza. Waliuza masasi, wakauza mideki, wakauza na bunduki zenyewe kwa masuke machache ya mahindi. Adhabu ya Stanley ilikuwa kali, kuanzia fimbo hadi kitanzi, lakini biashara haikusimama. Mtu mwenye njaa hali risasi.

Stanley alipokutana na Emin kando ya ziwa Albert tarehe 29 Aprili 1888, msaada uliofika ulikuwa makasha 30 hivi ya masasi. Mamia ya watu walikuwa wamekufa njiani, na wenyeji waliochomewa vijiji hawakuhesabiwa na mtu. Mwaka uliofuata, 1889, msafara ulishuka kupitia bonde la Semliki, chini ya Rwenzori, ukikata nchi ya Waamba. Ardhi hiyo ni hii ya Watalinga na jirani zake.

Yeyote aliyekaa kambini anaelewa Ipoto bila kufafanuliwa. Mahali chakula kinapokosekana, silaha inakuwa pesa, na mwenye mahindi anakuwa bwana wa mwenye bunduki.

Sheria ya Brussels

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya na mengine yalitia sahihi mkataba wa Brussels. Ulikataza kuingiza bunduki na baruti katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini ya ikweta. Sababu iliyotajwa ilikuwa kumaliza biashara ya watumwa, na ni kweli silaha ndizo zilizoilisha biashara hiyo.

Lakini mkataba uliacha mlango. Bunduki za gumegume zenye mtutu laini, na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa mahali pengine kwa masharti. Bunduki zenye mifuo na masasi ya kisasa zilibaki kwa serikali na watu wake. Kwa hiyo Mwafrika aliachiwa silaha ya kizamani wakati mtawala alishika ya kisasa. Hapo ndipo ilipotoka hali ya bunduki ya kushindilia kudumu katika vijiji vya Kongo miaka mingi baada ya kusahauliwa Ulaya.

Mauti ya Charles Stokes yanaonyesha namna baruti ilivyokuwa jambo la kufa na kupona. Stokes alikuwa mtu wa Ireland, mmisionari wa zamani aliyegeuka mfanyabiashara. Watu wa Dola Huru ya Kongo walimkamata katika msitu wa Ituri wakimshitaki kwamba anawauzia silaha maadui zao. Kapteni Lothaire alimhukumu haraka, akamnyonga huko Lindi tarehe 15 Januari 1895. Uingereza ilipiga kelele, na Dola Huru ikalipa fidia ya faranga 150,000. Lothaire alishitakiwa mara mbili, akaachiliwa mara mbili. Wakongo waliouawa miaka hiyo katika vita vya silaha hizohizo hawakulipiwa hata faranga moja.

Kuhesabu masasi, kuhesabu mikono

Jeshi la Dola Huru, Force Publique, lilibeba bunduki ya Albini. Ilikuwa ya risasi moja moja, lakini ilifunguliwa nyuma, na kiasi chake kilitoka tayari kiwandani. Askari hakupima tena baruti. Kilichobaki kupimwa ni matumizi ya masasi yenyewe.

Maafisa waliogopa askari wasipoteze masasi kwa kuwinda au wasiyaweke akiba kwa ajili ya uasi. Sehemu nyingi za mpira, hasa huko Ekwateri, askari alitakiwa kutoa ushahidi kwa kila risasi iliyotumika. Ushahidi huo ulikuwa mkono wa kulia wa mtu aliyeuawa. Aliyetumia risasi kwa nyama ya porini alikata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu ikamilike. Ripoti ya konseli Roger Casement, iliyotolewa mwaka 1904, na picha za wamisionari zilipeleka habari hiyo duniani. Tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji ilichukua nchi kutoka mikononi mwa mfalme Leopold.

Kupima kiasi cha baruti kulimsaidia mwindaji asijilipue na asiharibu. Kuhesabu masasi kwa mikono ya watu kulikuwa uongozi uliothamini risasi kuliko roho ya mtu. Kazi zote mbili zilikuwa za hesabu, na tofauti yake iko katika kile kinachohesabiwa kuwa na bei.

Moshi unaomsaliti mpigaji

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyotoa moshi mwingi, yenye nguvu zaidi ya ile nyeusi. Miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa lilipata bunduki ya kuitumia. Tangu hapo mpigaji aliweza kujificha.

Afrika ilichelewa. Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa Wajerumani katika Tanganyika walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871 yenye baruti nyeusi. Kila walipopiga, wingu jeupe lilisimama juu yao na kumwonyesha adui mahali walipo. Askari Wakongo wa Force Publique waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, wakifuatana na maelfu ya wapagazi. Wengi wa wapagazi hao hawakurudi.

Pistoni, pupu na hifadhi

Wakati wa Wabelgiji, bunduki ya fataki iliitwa pistoni. Chifu au mwindaji aliyetambuliwa aliweza kuwa nayo kwa kibali, na kwa kushika vibali na baruti serikali ilishika pia mwenye bunduki.

Tarehe 21 Aprili 1925 ilianzishwa Hifadhi ya Albert, inayoitwa leo Virunga. Miaka iliyofuata ilipanuliwa kaskazini mpaka pande hizi za Semliki. Mahali babu aliwinda palikuwa mahali mjukuu anakamatwa. Ugomvi huo wa mipaka haujaisha.

Baada ya uhuru baruti ya madukani ilipungua, na mafundi wa vijiji wakaanza kutengeneza bunduki za mkono zinazopiga risasi za kuwindia. Watu waliziita pupu. Mwanzoni zilikuwa za nyama ya porini, kisha zikaonekana mikononi mwa majambazi na makundi yenye silaha. Zinaua anayelengwa, na mara nyingine zinamlipukia aliyezishika, kama zile za biashara za miaka 150 iliyopita.

Pamoja na silaha zilienda dawa. Katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 kusini mwa Tanganyika, watu waliambiwa maji yatageuza risasi za Wajerumani. Mwaka 1964 Simba walipita huku na maji ya Mulele. Jina la Mai-Mai linatoka katika imani hiyo. Wengi waliamini kwa sababu walikabili masasi ya viwandani wakiwa na mikuki na bunduki za kushindilia, na walihitaji kitu cha kusawazisha hesabu. Makaburi yanaonyesha hesabu haikusawazishwa.

Leo Kamango

Tarehe 11 Julai 2013 ADF walipoishambulia Kamango, watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka kwenda Bundibugyo, Uganda. Wengine walirudi, wakakimbia tena, wakarudi tena. Masasi yaliyowakimbiza hayakutengenezwa Watalinga, wala Beni, wala Butembo. Kama fataki za Stanley, yalitoka mbali na yana mtu aliyeyauza. Mkaaji wa kijiji hapati jina lake, anapata maganda ya shaba yaliyoachwa shambani.

Maganda hayo watoto wanayaokota kwa kuchezea, na wakati mwingine kati yake kuna kitu ambacho bado hakijalipuka. Mzazi anayerudi shambani awaambie watoto wake wasiguse, wasirushe motoni, wasipige kwa jiwe. Mahali hapo pawekewe alama kwa mbali, na chifu wa kijiji au viongozi wa usalama wapewe habari. Mwindaji wa zamani, aliyeijua baruti yake vizuri, hakuiacha kamwe karibu na moto wala mikononi mwa mtoto.